Mama Fundi na Mstari Mfupi

Wagombea wa kwingine huwahonga watu ili wawapigie kura. Kwetu Namuwongo, huku chini karibu na reli, kulikuwa na mwanamke ambaye wagombea walimhonga asiwapigie. Walimletea sabuni, sukari, mara nyingine kuku mzima aliyefungwa miguu, na ujumbe ulikuwa ule ule kila mara: Mama, tunakuheshimu, tunakupenda sana, lakini siku ya kura tafadhali nenda kwa mwenzangu.

Alikuwa fundi cherehani, na zoni nzima ilimwita Mama Fundi. Alitoka katika ukoo wa Wanubi, wale Waislamu ambao babu zao waliletwa na jeshi la mkoloni kutoka Sudan, ila mambo ya ukoo nitayaacha hapo hapo. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikujibu, "Jina ya babu yangu unataka ya nini? Unamshonea suruali?" Mumewe alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Katika nyumba yao Idi ilipikwa na Krismasi ilipikwa, nasi majirani tulikuwa waumini wa dini zote mbili siku za pilau. Baina yao walizungumza Kiswahili, kile cha kambini, kwa sababu yeye hakujua lugha ya mumewe, na mumewe alijifanya hajui ya kwake.

Kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi kilitazamana na cherehani yake, njia ya miguu tu katikati. Ndiyo maana aliniita Kopi. Miaka yote ile sikumbuki kama aliwahi kulitamka jina langu, na nadhani hakulijua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupiga kura kwetu, nieleze kidogo. Mbunge tunamchagua kwa karatasi na boksi, kwa siri, kama watu wastaarabu. Lakini mwenyekiti wa zoni, yule anayegonga muhuri kwenye barua ya kila anayetaka kupanga chumba, kudhaminiwa polisi au kuzika, huyo tunamchagua kwa mstari. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mmoja mbali na mwenzake, na wapiga kura wanajipanga nyuma ya yule wanayemtaka. Afisa anapita akihesabu watu kwa kugusa mabega. Ukitaka kumsaliti jirani yako, unamsaliti mchana kweupe, naye anakutazama usoni na kesho mnakutana bombani.

Sasa Mama Fundi alikuwa na desturi yake. Hakuwahi kufika uwanjani mapema. Alingoja mpaka watu wote wamejipanga, ndipo akashuka taratibu na shuka lake begani na pini zimejaa kifuani, akasimama katikati ya uwanja na kuitazama mistari kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima. Akishajua mstari mfupi kuliko yote ni upi, alikwenda kusimama mwisho wake. Hakujali ni wa nani. Chama chochote kikifanya mchujo wake kwa mstari, yeye yupo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kadi. Baraza la wanawake, yupo. Uchaguzi mdogo baada ya mwenyekiti kufariki, yupo. Afisa alikuwa bado hajagusa hata bega moja, lakini uwanja mzima umeshajua nani ameshindwa, na vijana wameanza kumpigia makofi ya msiba.

Ndiyo sababu ya zile sabuni.

Na balaa lenyewe liko hapa: mumewe alikuwa mgombea wa kudumu. Tangu alipovua sare, Sajenti aligombea uenyekiti kila mara, na kila mara alishindwa, lakini alishindwa kwa heshima. Alikuwa wa pili, na mstari mzuri, askari wastaafu wamenyooka mikono ubavuni na wake zao nyuma yao. Kwa kuwa hakuwahi kuwa wa mwisho, mke wake hakuwahi kusimama nyuma yake hata mara moja. Jambo hilo lilimkereketa kuliko kushindwa kwenyewe.

"Mimi nimelipa ng'ombe ya huyu bibi," alikuwa akija kuniambia kibandani, kwa sauti ya kuvuka njia. "Ng'ombe kamili, na mbuzi juu yake! Nimelala na yeye nyumba moja mpaka nywele imekuwa nyeupe. Kura moja, Kopi. Kura moja hanipi!"

Ng'ambo ya njia cherehani haikusimama. "Wewe iko na watu, Mzee. Mimi nije kufanya nini huko? Kupanga foleni na maaskari?"

"Uje kama bibi yangu!"

"Bibi yako mimi niko nyumbani. Uwanjani mimi ni raia."

Ugomvi huo niliusikia mara nyingi hata ningeweza kuusema mimi pande zote mbili. Sajenti alipenda kuulalamikia mbele ya watu. Alipokuwa na soda mkononi na wasikilizaji wawili watatu, aliupamba, akaongeza ng'ombe.

Jimbo letu lenyewe halina sifa nzuri katika mambo ya kura, na yafaa niliseme ili msidhani Mama Fundi alikuwa kichaa pekee. Linaanzia relini, kwenye mabati yetu, linapanda kupita nyumba zenye mageti na mbwa, na kuishia Kabalagala kwenye baa, ambako wapiga kura huamka vituo vikikaribia kufungwa na kuja wamevaa miwani ya jua. Tumepeleka bungeni mwalimu, tukapeleka daktari, tukapeleka mwenye hoteli, tukapeleka na kijana aliyekuwa anatangaza mpira redioni. Hakuna aliyerudi mara ya pili. Wote waliahidi kuuzibua ule mtaro mkubwa unaotuletea maji vyumbani kila mvua ikinyesha. Mwaka wa kura walikuja wakaingia mtaroni na gambuti wakapigwa picha, halafu mvua ikanyesha, maji yakaingia, na sisi tukachagua mwingine. Nikiulizwa nani amekuwa na nguvu kuliko wote katika siasa za jimbo hili, nitasema ni mtaro.

Kwa boksi, zoni yetu ina kawaida ya kumpa kura mtu ambaye jimbo zima limemkataa. Sijui kwa nini. Huenda hatupendi kuambiwa. Matokeo yake kila mbunge anayeshinda anajua kwamba sisi hatukumtaka, na anatutendea hivyo. Mimi sikulalamika, maana niliwachapia mabango wote, washindi kwa walioshindwa, na wino haubagui.

Mama Fundi alinijia baada ya kila uchaguzi kuniomba mabango yaliyobaki, ya walioshindwa tu. Aliyabandika ukutani mwake, ndani, kuzuia upepo. Ukikaa kwenye kiti chake kungoja suruali ulitazamwa na nyuso za watu wote waliowahi kukataliwa katika jimbo letu, wakitabasamu, wakiahidi mtaro. Siku moja mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alimtania kwamba ukuta wake una mikosi.

"Hao wengine wako na ukuta yao Bungeni," alijibu, pini mdomoni. "Geuka, nipime mgongo."

Kura ya boksi hakuipenda. Alikwenda, alichovya kidole katika wino, lakini alirudi amenuna. Alisema ni kura ya watu wenye haya. Unatumbukiza karatasi mle ndani, huoni nani ana watu na nani hana, utamsaidia nani? Nilimweleza kwamba siri hiyo ndiyo faida yake, ili watu wasiogope. Aliniuliza kama mimi naogopa. Nikasema naogopa, ndiyo. Akasema basi niendelee na boksi langu.

Kura ya mstari nayo ina vituko vyake, na kituko kikubwa ni kivuli. Uwanja wetu hauna mti. Upande mmoja kuna ukuta mrefu wa ghala, na asubuhi ukuta huo unatoa kivuli kizuri. Mgombea anayewahi upande wa ghala ana kura za bure, hasa za wajawazito na wazee, na yangu. Wagombea wetu wamewahi kupigana mieleka kwa sababu ya ule ukuta. Mwaka mmoja mwenye baa mmoja aliuwahi, mstari wake ukarefuka, ukatoka uwanjani, ukapita mbele ya zahanati. Watu waliokuwa wakipita, wakaona foleni ndefu mbele ya zahanati, wakajua kinachofuata. Vyandarua! Wakajipanga. Kina mama waliwatuma watoto kwenda kuwaita majirani. Wengine walikuja na vitambulisho vya familia nzima, na wengi wao hata hawakuwa wa zoni yetu.

Mama Fundi alipofika kama kawaida yake, alisimama akaitazama ile foleni, akaifuata mpaka mkiani. "Nyinyi mnangoja nini?" aliwauliza.

"Neti," wakamjibu.

"Hapa hakuna neti. Hapa kuna mtu anataka kuwa mwenyekiti."

Walitazamana. Mmoja akasema, "Banange, sasa tumeshangoja hivi, tutaondoka bure?" Na hawakuondoka. Walihesabiwa, mwenye baa akashinda kwa kishindo, Sajenti akawa wa pili, na kwa wiki kadhaa watu walikwenda nyumbani kwa mwenyekiti mpya kumdai vyandarua vyao. Maskini alivinunua. Ni mwenyekiti pekee ninayemkumbuka aliyetimiza ahadi, na hakuwa ameiahidi.

Lakini kisa wanachokipenda watu wa kwetu ni kile cha vitenge. Katika mchujo wa chama kimoja, ambao Sajenti hakugombea, wagombea wawili waliokuwa na nguvu sawa walimwogopa Mama Fundi kiasi kwamba kila mmoja alimletea kitenge kizuri, siku moja, saa tofauti, ili siku ya kura asimame nyuma ya yule mwingine. Mmoja alileta cha kijani chenye ndege, mwingine cha buluu chenye feni. Alipokea vyote viwili na kushukuru sana. Siku ya kura alishuka uwanjani amevaa gauni moja, ubavu wa kulia ndege na ubavu wa kushoto feni, limeshonwa kwa ustadi, mshono umenyooka kutoka shingoni hadi kifundoni. Akawapitia wote wawili ili walione. Halafu akaenda kusimama nyuma ya mgombea wa tatu, mchuuzi wa mkaa ambaye alikuwa na shemeji yake tu.

Msidhani alikuwa mwema sana. Akishasimama nyuma yako alikutukana. Mchuuzi yule wa mkaa alinisimulia kwamba maneno ya kwanza aliyosikia kutoka nyuma yalikuwa, "Wewe mjinga, nani alikudanganya? Simama sawa. Toa mikono mfukoni, watu wanaona." Akamfokea hivyo mpaka hesabu ikaisha, na jamaa akatoka uwanjani amenyoosha mabega. Kwenye ludo hakuwa na huruma hata chembe. Mtu aliyebaki nyuma ndiye aliyemla kwanza, tena kwa kicheko, na ukienda kuchukua maji aliirudisha nyuma kete yako kwa ncha ya sindano. Na kazi yake, Mungu anisamehe, ilichelewa. Sare ya shule aliyoahidi kuimaliza Ijumaa ilimfikia mtoto akiwa ameshakuwa mrefu kuliko sare.

Ile desturi yake aliwahi kunieleza ilikotoka mara moja tu, siku ya mvua, wateja hakuna. Alikuwa anapiga pasi. Alisema zamani, Sajenti akiwa bado kazini, kulikuwa na mshona viatu mmoja, mgeni katika zoni, mtu mpole wa kucheka cheka. Watu wa kijiweni wakamshawishi agombee. Wakamwambia tuko nyuma yako. Wakamsaidia hadi kuchagua shati. Siku ya kura akaenda akasimama mahali pake, akatazama mbele kama alivyoelekezwa, akingoja. Watu wake wa kijiweni walikuwa kwenye mstari mwingine, wanakufa kwa kicheko.

"Hakugeuka," alisema Mama Fundi. "Aliogopa kugeuka. Mimi niliona mgongo yake, Kopi. Nyuma yake ni upepo tu. Na mimi nilikuwa mstari ya wengi, nimeshasimama, nikasema sasa nikitoka watanicheka. Afisa akaandika hakuna. Wiki ile ile yule mtu akabeba godoro yake akahama."

Pasi ilikuwa imekaa mahali pamoja, kitambaa kikaanza kunuka. Aliinyanyua, akalitazama lile doa, akalitukana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujaribu kuyaficha. Mimi niliona aibu kumtazama, nikajidai nahesabu karatasi. Kuanzia siku hiyo sikumcheka tena kwa moyo wote, ingawa kwa mdomo niliendelea.

Miaka ikaenda. Uchaguzi wa mstari kwetu huja unapotaka wenyewe. Unatangazwa, unaahirishwa, unasahaulika, na siku watu wamezoea kuishi bila yake unatangazwa tena. Ulipotangazwa huu wa mwisho, Sajenti alikuwa na fimbo. Wale askari wenzake waliokuwa wakijipanga nyuma yake, wengine walikuwa wamerudi kaskazini kulima, wengine tumeshawazika. Mpinzani alikuwa mmoja tu: kijana wa boda, mkubwa wa stendi yao, mchangamfu, anayemjua kila mtu kwa sababu kila mtu ameshawahi kupanda pikipiki yake.

Sajenti alikuja kuchapisha bango. Alitaka picha aliyovaa kofia. Nilipokuwa nakata pembe za karatasi alivuka njia, akasimama mbele ya cherehani ya mkewe. Njia ni nyembamba na masikio ninayo.

"Siku ya kura wewe kaa nyumbani," alimwambia.

Cherehani ikasimama. "Ya nini?"

"Kazi yako ni mingi."

"Mzee. Sema."

Sajenti aliipigapiga fimbo yake chini. "Mimi nimekuwa polisi, najua kuangalia watu. Mwaka hii watu yangu hakuna. Wewe ukija nyuma yangu, zoni mzima itajua mimi ni mtu hana mtu. Miaka yote nimekuomba kuja. Sasa nakuomba usije."

Sijawahi kumsikia akizungumza kwa sauti ndogo vile. Mama Fundi alikuwa ameshika uzi na hakuutia sindanoni.

"Nikikaa nyumbani," alisema, "watasema Mama Fundi ameogopa kuona bwana yake anaanguka."

"Watasema."

"Sasa?"

"Sijui," alisema Sajenti. Akarudi kuchukua mabango yake, na hakunitazama.

Habari hizi sikumwambia mtu, lakini hazikuhitaji kusemwa na mimi. Kila mtu zoni aliweza kuhesabu. Kijiweni watu waliwekeana dau la rolex, chapati ya mayai mawili: atakwenda kwa mumewe, hatakwenda. Wengi walisema atakwenda, maana desturi ni desturi. Walitaka kukiona kichekesho hicho. Sajenti, aliyelalamika miaka yote hapati kura ya mkewe, aipate siku ambayo kura hiyo ni kumvua nguo. Hata kijana wa boda, ambaye hakuwa na haja, alimpelekea Mama Fundi mfuko wa sukari kwa tahadhari.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Kijana wa boda aliwahi ukuta wa ghala na pikipiki zake zote, honi zikilia, na mstari wake ukajaa kivulini, ukafika mwisho wa ukuta, ukajikunja ukarudi. Mimi nilijipanga humo. Nilikuwa na sababu nzuri za kisiasa, lakini kivuli ndicho kilichonivuta.

Sajenti alisimama juani, upande wa pili, amevaa lile koti lake la kijivu, kofia kichwani, fimbo pembeni. Alitazama mbele. Nyuma yake walikuwa wazee wachache, mjane wa rafiki yake mmoja, na mwanamume aliyekuwa amelewa tangu jana yake na sidhani alijua yuko wapi.

Mama Fundi alifika wakati wake. Uwanja ukanyamaza, hata honi zikanyamaza. Alisimama katikati na shuka lake begani. Aliutazama mstari wa mumewe, akaupima wote, na haukuwa na mengi ya kupima. Sajenti hakugeuza shingo. Niliuona mkono wake ukiikaza fimbo.

Halafu akageuka, akaja kwetu.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Ilimbidi aupite mstari wetu wote, kuanzia kichwani hadi mkiani, na alitembea polepole ili asikose kuonwa na mtu yeyote. Kijana wa boda alipoelewa alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Mama, tafadhari! Ludi!" alipiga kelele. "Si tulileta sukari?"

"Sukari tamu," alimjibu bila kusimama. "Ndiyo nimekuja kushukuru."

Watu walicheka mpaka wengine wakachuchumaa. Lakini si wote waliocheka. Kuna watu kwetu wanaoamini kwamba mstari anaosimama Mama Fundi haujawahi kushinda na hautashinda milele, na nilimwona mama mmoja muuza nyanya akichukua mtoto wake na kutoka kivulini kabisa, akavuka uwanja, akajipanga nyuma ya Sajenti. Akafuatwa na mwingine, kisha na vijana wawili wa boda wenyewe, wanatazama chini. Kijana aliwaita majina yao na hawakugeuka.

Mimi nilikuwa karibu na mkia, na waliokuwa nyuma yangu ndio hao waliokimbia. Mama Fundi akasimama mgongoni kwangu.

"Leo umekosea mstari," nikamwambia.

"Angalia mbele, Kopi."

"Mzee yuko kule."

"Najua iko wapi. Nimeolewa na yeye." Alikuwa anahema. Halafu akasema chini chini, "Iko na watu wangapi? Leo macho yangu haioni vizuri."

Macho yale yalitia uzi sindanoni magharibi bila taa. Nikatazama kwa niaba yake. "Wanatosha kubeba kitanda cha mgonjwa," nikasema.

"Wameongezeka?"

"Wanaongezeka. Sasa wanatosha kumzika kabisa."

"Usimzike, mjinga wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa maji. "Basi iko na watu. Si mtu hana mtu. Mimi sina kazi kule."

Afisa alianza na mstari wa Sajenti, akaumaliza upesi. Akaja kwetu, akagusa bega baada ya bega, akipaza sauti, mpaka akanifikia mimi. Alipomwona aliye nyuma yangu mkono wake ulibaki hewani. Alikuwa kijana wa kwetu na alikuwa akimjua tangu alipomshonea kaptura.

"Mama," aliuliza, "uko mstari hii? Kweli?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ng'ambo ya uwanja, sauti ile ya gwaride ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Andika, afisa! Andika yeye huko huko! Nimelipa ng'ombe, nimelipa mbuzi, tangu nioe huyu bibi hajanipa kura hata moja!"

Uwanja mzima ulilipuka. Wazee waliokuwa nyuma yake walicheka wakashikana mikono, yule mjane alipiga vigelegele, na mlevi alishangilia akidhani wameshinda. Sajenti alikuwa amenyooka, kofia sawasawa, fimbo ameiinua anamwonyesha kila mtu mahali alipo adui yake. Alishindwa vibaya siku ile, na hakuna aliyekumbuka kumhesabia kushindwa huko.

Nilihisi vidole vya Mama Fundi vikilishika shati langu kwa nyuma, vikalikunja na kulivuta kwa nguvu zote za mkono uliosukuma kitambaa maisha yake yote, na hakuliachia. Afisa aliligusa bega langu, kisha lake. Mshono wa kwapani ukafumuka, na mimi nikaendelea kutazama mbele.